Karatasi ya Nane Bakulini

Tarehe 4 Machi

Kwa mpwa wangu, Mheshimiwa Mkaguzi,

Salamu nyingi kama mchanga. Natumaini u mzima na kile kikohozi cha wakati wa baridi kimeona aibu na kuondoka. Sisi huku hatujambo, ukiondoa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Bibi yako anakusalimu. Anasema ukimwandikia, usiandike kama karani wa mahakama.

Nisizunguke mbuyu, nina shida. Leseni zetu za udaktari zinakwisha mwezi wa tisa, na bila pointi za mafunzo hakuna mpya. Unajua zilivyo pointi hizo: lazima ukae darasani, na darasa lenyewe liwe limethibitishwa na chama kinachotambuliwa na baraza lenu. Chama cha karibu nasi kiko mwendo wa siku mbili. Nikienda mimi, chumba cha upasuaji kinafungwa siku nne, na wajawazito hawajui kusubiri.

Kwa hiyo tumeamua kuomba kutambuliwa wenyewe. Chama chetu unakijua, kile cha kila Alhamisi saa nane mchana, katika chumba cha zamani cha eksirei. Mimi ndiye katibu. Tuko saba. Hapa mjini tunaitana kwa fani tunazozipenda, ingawa kila mmoja hufanya kila kitu: Wa Macho, Wa Ngozi, Wa Usingizi, Wa Mifupa, Wa Watoto, Wa Kifua, na mimi mjomba wako, Wa Uzazi.

Utaratibu wetu ni ule ule tangu tuanze. Kila mtu anaandika swali lake kwenye kikaratasi, bila jina, analitia ndani ya bakuli la chuma, lile lenye umbo la figo. Kisha tunayatoa moja moja na kuyajibu. Kuuliza si ujinga, lakini daktari mwenye mvi anaona aibu kuuliza mbele ya wenzake, na aibu hiyo imeua watu wengi kuliko radi. Bakuli halina uso wa mtu.

Nimeambatisha fomu na rejista halisi ya mahudhurio, kama mnavyotaka.

Ni mimi, Mjomba wako.


Tarehe 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Mwambie Bibi nitaandika kama binadamu siku nikilipwa kama binadamu.

Kwanza nilimwambia mkuu wangu, yule tunayemwita Mama Kanuni, kwamba katibu wa chama hiki ni kaka wa marehemu mama yangu. Akanitazama juu ya miwani, akasema: "Mhuri hutapiga wewe. Kuhesabu unaweza. Hesabu haina mjomba."

Basi nimehesabu. Chama kinachostahiki kuthibitisha mafunzo lazima kiwe na madaktari wasiopungua watano wenye leseni halali, na kila kikao kisainiwe na waliohudhuria, kwa mkono wa kila mmoja. Fomu haisemi "walio hai." Nadhani aliyeiandika hakuona haja.

Mjomba, Wa Mifupa amefariki miaka kumi na moja iliyopita. Wa Watoto, miaka sita. Wa Kifua tulimzika mimi na wewe, mwaka juzi. Nilimshikia mjane wake mwavuli. Na wote watatu wamesaini rejista yako kurasa nane mfululizo, mpaka Alhamisi ya mwisho ya Februari.

Nimekaa na kurasa hizo siku nzima nikiwa na hasira. Unajua kughushi sahihi ni nini. Ni kufutiwa leseni, na ukifutiwa wewe, wodi ya uzazi inafungwa mlango. Umeniletea mimi, mpwa wako, nikuchague wewe au niichague kazi yangu?

Sijaonyesha mtu. Niambie ni utani, halafu niletee orodha ya watu wanaopumua.

Mpwa wako.


Tarehe 3 Aprili

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Salamu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara niliona umenikosea heshima na una haki kabisa.

Sikughushi. Naapa kwa jina la mama yako, na unajua siapi hivyo ovyo.

Tuko wanne, kweli. Nilipotuma rejista nilijua utaona, na labda nilitaka uone, kwa sababu sisi wanne tumechoka kujua peke yetu. Chama kilipoanza tulikuwa saba, na mimi kama katibu huchora mistari saba kwenye rejista na kukata vikaratasi saba. Walipoanza kuondoka sikupunguza. Mkono ulikuwa umezoea, na kusema kweli, kuchora mistari sita kulikuwa kama kumzika mtu mara ya pili. Hilo ndilo kosa langu.

Mwaka huu, mara tu baada ya likizo, rejista ilirudi kwangu ikiwa na sahihi saba. Nikamshuku Wa Macho, maana anajulikana kwa mizaha. Wiki iliyofuata nikamwambia aweke mikono yote miwili juu ya meza. Saba. Nikaondoa kalamu zote, nikaleta penseli moja niliyoichonga mwenyewe. Saba, kwa penseli.

Usidhani tunaona kalamu ikitembea yenyewe. Hakuna anayeona kitu. Unaisukuma rejista mbele ya viti vitupu ili imfikie mwenzako upande wa pili, inakawia kidogo kuliko inavyopaswa, kisha inafika. Ni kukawia tu. Siku moja Wa Ngozi alikigusa kiti cha Wa Watoto, akakikuta kina moto, kama kiti ambacho mtu ameinukia sasa hivi. Tangu siku hiyo haketi upande ule.

Na bakulini mna vikaratasi saba. Alhamisi ya mwisho ya Februari nilifungua kimoja, mwandiko wa Wa Mifupa, yale maherufi yake yaliyolala chali. Kiliandikwa: "Mwendesha baiskeli. Vidole vya mguu vilikuwa baridi. Nilisema plasta mpya ya mfupa hubana. Ningeipasua saa ngapi?"

Tukatazamana. Wa Usingizi, ambaye hazungumzi sana, akasema, "Swali limeulizwa. Lijibiwe." Tukatoa vitabu, tukasoma, tukabishana saa nzima. Jibu ni kwamba angeipasua saa ile ile mgonjwa alipolalamika, asingoje asubuhi. Nikalisoma kwa sauti, nikielekea kiti chake. Nilijiona mwendawazimu.

Machi yote rejista imerudi na sahihi sita. Wahenga walisema elimu haina mwisho, mpwa wangu. Sikujua kama walikuwa wamekwenda kuangalia.

Mjomba wako, mwenye akili timamu kadiri anavyojua.


Tarehe 24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo na goti? Mimi mzima kwa nje.

Nilikusudia kukuandikia kwamba mmechoka, kwamba chumba hakina hewa, kwamba watu wanne waliopoteza wenzao watatu wanaweza kuona lolote. Nimeiandika barua hiyo yote, ni nzuri sana, nimeichana.

Nilikwenda chini kwenye majalada ya leseni zilizofungwa. Nikatoa jalada la Wa Kifua na la Wa Watoto, nikaziweka sahihi zao kando ya zile za rejista yako chini ya kioo cha kukuzia. Ni mkono ule ule. Wa Watoto alikuwa akirudi kuweka nukta baada ya kumaliza, na nukta yake ilichimba karatasi. Kwenye rejista yako imechimba. Halafu kurasa zenyewe, Mjomba, zina ubaridi, kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Nimeziweka dirishani juani siku tatu. Bado.

Simwambii mtu. Wewe nisikilize kama katibu.

Iko njia halali. Hospitali ya ng'ambo ya mto ina madaktari watatu ambao nao hawana chama. Watatu na wanne ni saba, wote wanapumua. Kanuni inaruhusu vikundi viwili kuungana na kuomba kama kimoja. Fomu ya kuungana iko humu ndani, inahitaji sahihi saba na iwe mezani kwetu kabla ya tarehe kumi Julai. Rejista ya zamani itarudishwa kwenu kama haikuwahi kuwasilishwa. Hilo Mama Kanuni amelikubali bila kuuliza sababu, na nadhani aliona uso wangu.

Sharti ni moja. Vikao vihamie kwao, kwa sababu kanuni inataka chumba chenye dirisha linalofunguka. Chumba chenu cha eksirei hakina dirisha hata moja.

Saini upesi.

Mpwa wako.


Tarehe 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi na zaidi, kimya. Nilipiga simu hospitali, mpokezi akasema uko salama na uko chumba cha eksirei. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi ni Alhamisi, Jumanne unafanya nini humo?

Fomu haijafika. Daktari mmoja wa ng'ambo amenipigia mwenyewe, anasema walikwisha kusaini tangu mwanzo wa mwezi na wanakungoja wewe tu. Wenzako watatu nao wamesaini. Imebaki sahihi moja, ya katibu. Kama hutaki kuungana, sema. Lakini ujue mwezi wa tisa utakuwa mzee mmoja mwenye goti bovu na mikono yenye ujuzi isiyoruhusiwa kumgusa mgonjwa.

Naogopa, Mjomba. Nimeona niseme tu.

Mpwa wako.


Tarehe 12 Juni

Kwa mpwa wangu,

Salamu. Mwili wangu mzima. Bibi yako mzima, ila amekataa kula nami meza moja tangu nilipomwambia nitakuandikia barua hii.

Wa Watoto amejibiwa. Swali lake lilikuwa hili: "Mtoto wa homa. Mama yake aliniambia shingo imekakamaa, nikasema ni malaria. Ningemsikiliza lini?" Hatukuhitaji kitabu. Wa Ngozi alijibu, akilia: "Mara ya kwanza aliposema." Alhamisi iliyofuata kiti kilikuwa baridi.

Amebaki Wa Kifua. Yeye alikuwa mkuu wangu nilipoanza kazi. Yeye ndiye aliyenishika mkono mara ya kwanza niliposhika kisu. Kikaratasi chake nimekuwa nikikitoa bakulini kila wiki kabla wenzangu hawajakiona, nakitia mfukoni. Kila wiki kinarudi kingine, maneno yale yale. Ndiyo maana huwa naingia humo hata Jumanne. Namsihi aulize kitu kingine.

Kimeandikwa: "Mama wa uzazi, chumba cha mwisho, saa saba mchana. Alikuwa akivuja damu. Nilimwachia kijana wangu peke yake, nikaenda nyumbani kula. Ningekuwepo, angepona?"

Kijana ni mimi. Mama ni dada yangu.

Hakufia barabarani, mpwa wangu. Nilimwomba Bibi yako aseme hivyo na akasema, kwa kunionea huruma, na uongo ukikaa ndani ya nyumba huanza kupangiwa kitanda. Alifika hospitali kwa miguu yake, akicheka, akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni kwa sababu alitoka kazini moja kwa moja. Akakuzaa wewe. Nikakukabidhi kwa muuguzi, ukatolewa nje haraka kwa sababu damu ilikuwa imeanza. Aliniuliza kitu, sikusikia, nilikuwa nikikimbia. Nilimpa dawa zote nilizofundishwa. Nilikanda tumbo. Nilifanya kila kitu kilichokuwa kwenye daftari langu la chuo, kwa mpangilio. Saa nane kasoro dakika tano nilikuwa nimemaliza daftari.

Miaka minne baadaye nilihudhuria semina ya kwanza maishani mwangu. Mtu alisimama mbele akaonyesha picha: kondomu, mrija wa mkojo, uzi, na maji. Unaifunga kondomu kwenye mrija, unaingiza ndani ya mfuko wa uzazi, unajaza maji, unabana damu kwa ndani. Ni hivyo tu. Nilikaa pale kitini nikakumbuka kabati la chumba cha mwisho. Lilikuwa hatua mbili kutoka kitandani. Kondomu zilikuwemo, za kugawa bure. Mirija ilikuwemo. Maji yalikuwa bombani.

Watu walidhani nimeguswa na mhadhiri. Niliporudi nikaanzisha chama cha Alhamisi.

Sasa jibu la Wa Kifua nalijua. Angekuwepo, tungekuwa wajinga wawili badala ya mmoja. Lakini kulijibu lazima nilisome mbele ya watu, na nikilisoma nimekwambia wewe. Na nisipolijibu siwezi kusaini fomu yako, kwa sababu tukihamia ng'ambo huyu mzee atabaki akisukumiwa rejista na giza.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini nijibu.

Mjomba wako.


Tarehe 19 Juni

Mjomba,

Shikamoo, kwa sababu nilifundishwa adabu.

Nimekasirika. Nimekasirika mpaka meno yanauma. Miaka ishirini na saba nimekuwa nikiichukia barabara. Unaijua ile kona ya kiwanda cha matofali, ambapo Bibi alisema ndipo alipokata roho? Kila nikipita hufumba macho. Niliwahi kumwomba dereva asimamishe gari nikashuka nikaweka maua pale, na mlinzi wa kiwanda akaniuliza nani amekufa hapa. Nikamwambia, mama yangu. Akaniambia yupo pale miaka thelathini na hajawahi kusikia. Nikamwona hana moyo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulinifundisha methali hiyo, nikiwa darasa la tatu, nilipokuwa nikificha kidonda.

Kosa lako si kutojua. Ninasoma majalada ya madaktari kutwa. Najua hakuna anayezaliwa anajua. Kosa lako ni kunitoa nje ya chumba kile mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na dakika tano na ulikuwa na sababu, mara ya pili kila nilipouliza na hukuwa nayo.

Jibu swali la mzee. Lijibu mbele ya wote, waite na wale wa ng'ambo, na uwaonyeshe hiyo kondomu na huo mrija kwa mikono yako. Halafu saini fomu yangu.

Mpwa wako.


Tarehe 3 Julai

Kwa mpwa wangu,

Salamu. Fomu iko humu ndani, imesainiwa. Bibi amerudi mezani. Haongei, lakini anakula.

Alhamisi ya tarehe ishirini na tano wa ng'ambo walikuja wote watatu. Nikachora mistari minane, nikakata vikaratasi vinane, kwa kuwa tulikuwa saba, na yeye wa nane. Rejista ilizunguka, ikakawia palipo pake, ikarudi na sahihi nane. Wageni hawakuhesabu. Nikatoa kikaratasi chake, nikakisoma kwa sauti, na nikasema mgonjwa alikuwa dada yangu. Nikaeleza yote kama nilivyokuelezea wewe. Mwisho nikageukia kiti nikasema, "Hapana, Mzee. Hungemponya. Hukujua, wala mimi sikujua. Sasa tunajua." Ubao wa taa wa kusomea picha, ambao balbu yake imekufa tangu mwaka jana, ulitoa mlio mdogo kama wa kitu kinachopoa. Basi.

Kisha nikawaonyesha. Nilipojaza maji nikamwagia suruali ya Wa Macho, akasema kama ningetaka kumwogesha ningemwambia mapema. Tukacheka, na nilikuwa sijacheka humo tangu Januari.

Jumamosi yake, ng'ambo ya mto, mama mmoja alivuja damu baada ya kujifungua mapacha. Daktari mmoja mwanamke wa kwao alifunga mrija kama nilivyomwonyesha. Jumatatu mama yule alikwenda nyumbani kwa miguu yake, pacha mmoja kila mkono. Nilipoambiwa nilikwenda stoo nikafunga mlango.

Ningependa barua iishie hapo.

Jana tulikutana tena, saba. Nilichora mistari minane, ule mkono wangu tena, na kukata vikaratasi vinane. Rejista ilirudi na sahihi saba, zote za watu waliokuwa wakinitazama. Mstari wa nane mtupu. Nikashukuru. Nikatia mkono bakulini, nikahesabu karatasi nane.

Cha nane nimekiambatisha. Sikukisoma kwa sauti. Huyu hakusaini, mpwa wangu. Hakujiandikisha. Hakuja kutafuta pointi.

Unakumbuka nilikwambia aliniuliza kitu na sikusikia?

Ningeweza kumjibu mimi. Nilifungua mdomo. Lakini naona si mimi ninayeulizwa.

Chumba kinafungwa tarehe kumi na sita, baada ya kikao cha mwisho, kitakuwa stoo ya makaratasi. Njoo, au andika.

Mjomba wako.


Tarehe 10 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Kwanza la kazi: maombi yenu yamepita. Mama Kanuni amepiga mhuri jana mchana. Kuanzia Agosti mnastahiki kuthibitisha mafunzo yenu wenyewe, ninyi saba, katika chumba chenye dirisha. Barua rasmi inafuata. Alipomaliza kupiga mhuri akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia hesabu imetimia. Akanipa leso yake, na sijawahi kumwona akigawa kitu.

La pili. Kikaratasi ulichonitumia kilinifikia kikiwa baridi, katika wiki ya joto hili. Kina maneno matatu: "Na mtoto je?" Nilichukua ile picha ya mama yangu amesimama mlangoni mwa duka la cherehani, nikaigeuza. Kule nyuma aliandika, "Siku ya kwanza, wateja wawili." Alikuwa akiifunga herufi yake ya mwisho kwa mkia mrefu, kama mtu anayekata uzi. Mkia ule upo kwenye kikaratasi. Nimeviweka vyote viwili mezani na nikakaa navyo mpaka chai ikapoa.

Sitakuja. Nilitaka, nikakata tiketi, nikairudisha. Nikija nitaketi kando yake nisiinuke, Mjomba, najijua.

Nimeandika. Karatasi iliyokunjwa ni ya bakulini. Usiisome. Itie kabla rejista haijaanza kuzunguka, na safari hii chora mistari saba. Kata vikaratasi saba. Mkono ukikataa, mpe Wa Usingizi achore.

Sijakusamehe yote. Nimesamehe mpaka saa nane kasoro dakika tano ya siku ile. Yaliyobaki tutazungumza mwezi ujao, nitakuja likizo, na nitakapopita kona ya matofali nitafumbua macho. Mwambie Bibi aandae chumba na majibu.

Mpwa wako.


Tarehe 16 Julai, saa nane mchana

Mama,

Shikamoo.

Umeuliza kuhusu mtoto. Alipona. Ni mimi.

Wanasema nililia kabla hawajanifuta, kwa hiyo labda ulinisikia kupitia ukutani ukadhani ni mtoto wa mwingine. Nilikuwa na kilo tatu kasorobo. Bibi alinilea na hakunidekeza. Nina miaka ishirini na saba, nina mwanya kama wako, na siwezi kushona hata kifungo. Cherehani yako ipo, inanionea aibu. Kazi yangu ni kuhesabu madaktari na kuhakikisha wanaendelea kujifunza. Niliichagua bila kujua kwa nini.

Kaka yako hakukusikia kwa sababu alikuwa akikimbia kutafuta dawa. Hakujua la kufanya na alifanya yote aliyojua. Siku hizi anajua, na wenzake sita wanajua, na ng'ambo ya mto kuna mama aliyerudi nyumbani na wanawe wawili. Usimkasirikie. Hilo niachie mimi, nalifanya vizuri.

Chumba hiki kinafungwa jioni ya leo. Watatia makaratasi humu na kufunga kwa kufuli. Watu wote watakapoinuka, na wewe inuka, Mama, utoke nao.

Mwanao.